Je, Gemu ya Leo Imeifikia Filamu ya Uhuishaji?

Swali la msomaji: Juzi nilitazama tena Toy Story, na usiku huohuo nikacheza gemu mpya. Kwa macho yangu gemu ile imeipita filamu kwa mbali. Lakini kesho yake nilitazama filamu ya uhuishaji ya miaka ya karibuni, na niliporudi kwenye gemu yangu niliiona imepauka. Mdogo wangu anasema tatizo ni kadi ya grafiki tu: nikinunua kubwa zaidi, tofauti itaisha. Je, anasema kweli? Na je, iko siku gemu zitalingana na filamu hizi?

Jibu: Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kuweka mwanga ndani ya picha za kompyuta, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote. Macho yako hayakukudanganya, si mara ya kwanza wala ya pili. Gemu nyingi za leo zimeipita filamu ile ya 1995 katika mambo mengi, na bado ziko nyuma ya filamu za sasa. Mdogo wako naye amesema kweli, ila kweli yenyewe ni ndogo kuliko anavyodhani. Filamu inajua utatazama nini. Gemu haijui. Kadi yoyote utakayonunua haiwezi kuifahamisha.

Nianze na muda, maana bila hesabu yake mengine hayaeleweki.

Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, ina milisekunde 16 na ushei za kuandaa kila fremu. Ndani ya muda huo mashine husoma vitufe ulivyobonyeza, huamua adui anakwenda wapi, hukokotoa nini kimegongana na nini, kisha huchora picha nzima na kuipeleka kwenye skrini. Ukipunguza hadi fremu 30, unaiongezea mashine muda hadi milisekunde 33. Basi, hiyo ndiyo bajeti yote.

Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini haichorwi kwa kasi hiyo. Hatua ya kuigeuza hesabu kuwa picha, ambayo wenyewe tunaiita kurenda, hufanyika kabla, kwenye maghala ya kompyuta, na kila fremu huchukua muda inaoutaka. Toy Story ilitoka Novemba 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Ina fremu zaidi ya 114,000, na hesabu ya Pixar wenyewe, studio iliyoitengeneza, ni kwamba kuzirenda kulikula saa 800,000 za mashine. Gawanya: ni wastani wa saa 7 kwa fremu moja. Kompyuta 117 za kampuni ya Sun zilikuwa zikiifanya kazi hiyo usiku na mchana. Katika saa 7 hizo, gemu yako ya fremu 60 ingekuwa imechora picha zaidi ya milioni moja na nusu.

Sasa utasema kompyuta za siku hizi zina kasi mara elfu nyingi, kwa hiyo filamu za leo zinarendwa haraka. Hapana. Mwaka 2013 Pixar hiyohiyo ilitoa Monsters University. Ghala lake lilikuwa na kompyuta zipatazo 2,000 zenye jumla ya viini 24,000 vya kukokotolea, na bado wastani ulitajwa kuwa saa 29 kwa fremu. Kompyuta zimeongezeka nguvu, na muda wa kusubiri umepanda badala ya kushuka. Jambo hili lina jina la mtu: James Blinn, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, alisema zamani kwamba muda wa kurenda haupungui hata mashine zikiwa na kasi zaidi, kwa sababu msanii akipewa nguvu mpya huitumia yote kuongeza uzuri. Nimeliona hilo kwa macho yangu kila nilipopewa mashine mpya. Wiki ya kwanza unafurahia kasi. Wiki ya pili umeongeza taa, umeongeza majani, umeongeza vumbi linaloelea hewani, na unasubiri usiku kucha kama zamani.

Kwa hiyo unapouliza kama gemu zitaifikia filamu, jua kwamba filamu nayo haijasimama.

Lakini iko sehemu ya swali lako inayoweza kujibiwa bila kusita, nayo ni ile ya filamu ya 1995. Hebu tuilinganishe kwa haki na gemu uliyocheza. Picha ya Toy Story ilirendwa kwa upana wa pikseli 1,536, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha, na urefu wa 922, yaani pikseli milioni 1.4 hivi. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3, karibu mara sita. Mwanga wa filamu ile ulikuwa wa kuwekwa kwa mkono, taa moja moja. Haukudunda kutoka ukuta hadi sakafu kama mwanga wa kweli unavyofanya. Msanii alipotaka rangi ya zulia ionekane kidogo kwenye shavu la mwanasesere, alipachika taa nyingine ya rangi ya zulia. Ngozi za binadamu mle zilionekana kama mpira, na ndiyo sababu wahusika wakuu ni wanasesere: plastiki inayong'aa ndicho kitu ambacho kompyuta za wakati ule zilikiweza. Kwa mwanga, kwa ngozi, kwa vitambaa, kwa wingi wa vitu kwenye mandhari, gemu nzuri ya leo imeshinda, na haina haja ya kuona haya.

Ila sasa simamisha picha zote mbili utazame kingo za vitu. Kwenye filamu kingo ni laini kabisa, hazina vijino wala hazichezichezi kamera inaposogea. Mviringo ni mviringo. Husogezi jicho karibu na kidevu cha mhusika ukakuta pembe. Kitu kinachopita kwa kasi kinaacha ukungu wa mwendo ulio safi, kama picha iliyopigwa na kamera ya kweli. Programu yao ya kurenda, RenderMan, ilijengwa juu ya njia iliyoandikwa na Cook, Carpenter na Catmull mwaka 1987: kila uso ulikatwakatwa kuwa vipande vidogo kuliko pikseli, na kila pikseli ikachukuliwa sampuli nyingi, mahali tofauti na nyakati tofauti za fremu hiyohiyo. Kwenye jambo hili la usafi wa picha, filamu yenye miaka thelathini bado inazishinda gemu nyingi za sasa. Watu wengi hawawezi kusema ni kitu gani wanachokiona. Wanasema tu picha "imetulia".

Tuingie ndani kidogo, kwa sababu hapa ndipo mdogo wako atapata sehemu yake ya ushindi.

Gemu nyingi huchora kwa pembetatu. Kila kitu, jiwe, uso, gari, ni mkusanyiko wa pembetatu, na kadi hushika pembetatu moja moja na kuuliza: hii inafunika pikseli zipi kwenye skrini? Mbili zikigombea pikseli moja, iliyo karibu na kamera ndiyo hubaki. Njia hii ya kukumbuka umbali wa kila pikseli Ed Catmull aliieleza kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 1974, pamoja na wazo la kubandika picha juu ya uso uliopinda. Ni Catmull huyohuyo aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar. Napenda kulikumbusha hili kila ninaposikia watu wakizungumza kana kwamba gemu na filamu ni koo mbili zisizojuana. Mzizi wao ni mmoja.

Njia ya pembetatu ina kasi ya ajabu, lakini ina upofu: pembetatu inapochorwa haijui habari za wenzake. Haijui kama kuna ukuta unaoizuia jua. Haijui kama kuna kapeti jekundu chini yake. Kila kinachohusu uhusiano wa kitu na kitu, yaani kivuli, uakisi, mwanga unaodunda, lazima kitafutiwe ujanja. Kivuli hupatikana kwa kuichora mandhari mara ya pili kutoka mahali taa ilipo, ili kujua taa inaona nini na haioni nini. Mwanga unaodunda ulikokotolewa kabla, kiwandani, ukabandikwa kwenye kuta kama rangi; ndiyo maana katika gemu nyingi za zamani chumba kinapendeza ajabu lakini ukivunja taa ukuta unabaki na mwanga wake. Uakisi majini ulitafutwa ndani ya kile ambacho tayari kipo kwenye skrini. Huu wa mwisho unaweza kuujaribu leo. Simama mbele ya dimbwi ambalo jengo limejiakisi ndani yake, kisha inamisha kamera taratibu hadi jengo lenyewe litoke kwenye skrini. Katika gemu nyingi, uakisi utafutika pamoja nalo. Dimbwi haliwezi kuakisi kisichochorwa.

Filamu zilihamia njia nyingine. Badala ya kuuliza pembetatu inafunika wapi, unatoa mwale kutoka kwenye pikseli, unaufuata hadi ugonge kitu, na kutoka hapo unauliza mwanga umefikaje: unatoa mwale mwingine, na mwingine, hadi ufike kwenye taa. Turner Whitted alionyesha mwaka 1980 jinsi miale inavyoweza kuzaa miale. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlingano mmoja unaobeba habari yote ya mwanga kutoka uso hadi uso, na njia ya kuukokotoa kwa kubahatisha miale mingi. Tangu hapo tulijua namna ya kupata mwanga wa kweli. Tulichokosa ni muda.

Ubaya wa kubahatisha ni chengachenga. Ukitoa mwale mmoja kwa pikseli, picha inajaa punje punje kama mchanga. Ukiongeza miale, mchanga hupungua, lakini kwa shingo upande: ili uupunguze hadi nusu lazima uongeze miale mara nne, na ili ubaki robo, mara kumi na sita. Filamu hutumia miale kwa mamia kwenye kila pikseli na kuendelea hadi picha itakate. Gemu inapata mmoja, au miwili.

Na hapa ndipo kadi inapoingia. Tangu 2018 kampuni ya NVIDIA imekuwa ikiuza kadi za RTX zenye sehemu maalumu ya kufuata miale, na wengine wakafuata. Quake II, gemu ya 1997, ilirudishwa mwaka 2019 ikiwa na mwanga uliofuatiliwa wote kwa miale. Aprili 2023 Cyberpunk 2077, gemu ya mji mkubwa uliojaa taa, ikapata hali ya namna hiyo. Mtu angeniambia hilo nilipoanza kazi hii, nisingemwamini. Ila kumbuka ni mwale mmoja au miwili. Picha inayotoka hapo ni mchanga mtupu, na programu nyingine, siku hizi yenye akili bandia, huusafisha kwa kuchanganya fremu hii na zilizotangulia na kukisia panapokosekana. Mara nyingi hukisia vizuri. Tazama nyuma ya kitu kinachokimbia mbele ya ukuta wenye michoro midogo midogo, hasa gizani, utaona mahali ilipokosea: kuna mkia, mvuke wa picha ya jana ambao haujaondoka.

Basi mwambie mdogo wako kwamba kwa mwanga, kadi kubwa inasaidia kweli, na msaada wake unaonekana.

Ila kadi haiongezi kitu ambacho hakikutengenezwa. Watengenezaji wa gemu huandaa mawe, nyuso na mavazi yao wakifikiria mashine ya kawaida ya mnunuzi. PlayStation 5, mashine ya gemu ya sebuleni, ina gigabaiti 16 za kumbukumbu, na humo lazima ikae gemu yote, si picha peke yake. Mwaka 2018 Disney walitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, mandhari moja ya kisiwa kutoka kwenye filamu yao Moana. Ukihesabu nakala zote za majani, matawi, mchanga na mawe, mandhari ile moja ina vipande zaidi ya bilioni 15. Au chukua nywele. Sulley wa filamu ya Monsters, Inc. ya 2001 alikuwa na nywele zaidi ya milioni 2.3 mwilini, kila moja ikitikisika na kutia kivuli juu ya nyingine. Kwenye gemu nyingi, nywele za mhusika ni vipande bapa vilivyobandikwa picha ya nywele, vimepangwa kwa ustadi mkubwa ili usigundue. Ukinunua kadi ya kifahari kuliko zote, vipande bapa vitabaki vipande bapa, isipokuwa waliotengeneza gemu waliweka nywele halisi ndani yake.

Nilisema filamu inajua utatazama nini. Sasa nilieleze hilo, kwa sababu ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mwanga, kuliko miale, kuliko pembetatu zote.

Kwenye filamu, kila shoti, yaani kipande kimoja kabla kamera haijabadilika, huwekewa mwanga upya. Wahusika wawili wanazungumza mezani; kamera inapomgeukia wa kwanza, taa zimepangwa kwa ajili ya uso wake. Kamera inapomgeukia wa pili, nimezihamisha taa. Pengine hata meza nimeisogeza sentimeta kadhaa, na dirisha lililokuwa nyuma yake nimelipunguzia mng'ao ili lisishindane na macho yake. Hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba chumba kimebadilika. Anaona tu kwamba sura inapendeza. Gemu haina ruhusa hiyo. Mchezaji anaweza kuzunguka meza, kupanda juu yake, kujificha chini yake na kutazama kutoka huko. Mwanga lazima ukubalike kutoka kila upande, na mwanga unaokubalika kutoka kila upande ni nadra kuwa mzuri kupita kiasi kutoka upande mmoja. Nimewahi kukaa siku tatu na fremu za sekunde nne, nikitafuta mahali pa kuweka nukta moja ya mwanga kwenye jicho la mhusika anayekaribia kulia. Msanii wa gemu mwenye kipaji kuliko mimi hawezi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu hajui mchezaji atakuwa anatazama jicho au anatazama dari.

Mwendo ni hivyohivyo, tena zaidi. Mhuishaji wa filamu kubwa hutoa sekunde chache tu za mwendo kwa wiki. Mkono ukihitaji kurefuka kidogo ili umbo lisomeke vizuri kwenye fremu, anaurefusha. Ukiuzungusha mwili wa mhusika katika fremu ileile utazame kutoka kando, utashtuka: bega limeteguka, mdomo umesogezwa hadi shavuni, shingo haina mantiki. Kutoka kwenye kamera, ni kamilifu. Nguo na nywele hukokotolewa kabla, kisha mtu huzipitia shoti kwa shoti na kurekebisha mahali ukosi ulipozama ndani ya shingo.

Kwenye gemu, mwendo lazima ukutii wewe. Ukibonyeza kitufe cha kuruka, unataka mhusika aruke sasa hivi, si baada ya kuinama, kukusanya nguvu na kuvuta pumzi kama mwanasarakasi wa kweli. Mhuishaji wa filamu angempa robo sekunde au zaidi ya maandalizi. Kwenye gemu robo sekunde hiyo ungeihisi kama uzito kwenye vidole. Kwa hiyo mwendo wa gemu umeundwa na vipande vinavyounganishwa papo hapo: kutembea kunageuka kukimbia, kukimbia kunageuka kuruka, na mashine inakisia katikati. Ndipo unapoona nyayo zinateleza juu ya ardhi, mkono unapita ndani ya koti, mhusika anageuka nyuma bila uzito wa mwili kugeuka naye. Nadhani hicho ndicho ulichokiita kupauka. Ulidhani ni rangi. Mara nyingi ni mwendo. Jaribu kusimamisha gemu yako kwenye fremu moja nzuri na kuitazama kama picha: tofauti na filamu hupungua sana. Ianzishe tena, tofauti inarudi.

Hilo pia linaeleza jambo ambalo nina hakika umelikuta: trela ya gemu inapendeza kuliko gemu. Trela nyingine hurendwa kabla kama filamu, saa kwa saa, hazina uhusiano wowote na kile kitakachochorwa na mashine yako. Nyingine huchorwa na injini ya gemu kweli, yaani programu ileile inayoiendesha na kuichora gemu, lakini kamera imepangwa, taa zimepangwa, na hakuna mchezaji wa kuharibu mpangilio. Vivyo hivyo kwa yale maonyesho ya katikati ya gemu ambapo unanyang'anywa udhibiti ili hadithi isonge. Ghafla sura zinakuwa nzuri zaidi, wakati mashine ni ileile. Kamera imepata mwenyewe.

Sasa nigeukie upande ambao hukuuuliza, maana una jibu zuri kuliko yote. Unauliza lini gemu zitapanda hadi kwenye filamu; filamu nazo zimekuwa zikishuka kwenye njia za gemu.

Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitoka 2024. Ni hadithi ya paka katika dunia iliyofurika maji, na hakuna anayesema neno hata moja. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, na ikarendwa kwa EEVEE, kirenda ndani ya Blender kinachofanya kazi kwa njia za pembetatu kama gemu. Fremu zake zilichukua sekunde tu, si saa 29, na hawakuhitaji ghala la kompyuta. Uakisi wake si kamili. Manyoya ya paka yule hayafiki hata karibu na manyoya ya Sulley. Mwanzoni mwa 2025 ilishinda Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji, mbele ya filamu zilizogharimu mara nyingi zaidi. Nilipoitazama sikuhesabu nywele. Nilikuwa namhofia paka.

Mipaka inavukwa kwingine pia. The Mandalorian, tamthilia ya televisheni iliyoanza 2019, ilipigwa picha mbele ya kuta kubwa za LED ambazo mandhari yake ilichorwa papo hapo na injini ya Unreal, injini ya gemu, ikifuata kamera ilivyosogea. Na injini hiyohiyo, katika toleo lake la tano, ina mfumo unaoitwa Nanite unaochagua pembetatu ndogo ndogo zikaribie ukubwa wa pikseli. Soma tena nilivyoeleza njia ya 1987. Ni wazo lilelile, limekwenda safari ya zaidi ya miaka thelathini na limefika sebuleni kwako.

Kuhusu swali la lini, kipimo pekee ninachokiamini ni cha kutazama nyuma. Luxo Jr., filamu fupi ya Pixar kuhusu taa mbili za mezani, ilitoka 1986. Februari 2001, Steve Jobs wa Apple alionyesha jukwaani jijini Tokyo kadi ya GeForce 3 ikichora toleo lake papo kwa papo. Miaka 15, kwa taa mbili na mpira mmoja. Toy Story ilichukua zaidi ya hapo kabla watu hawajaanza kusema kwa haki kwamba gemu zimeifikia, na kwenye usafi wa kingo bado tunabishana. Filamu unayoitazama leo ikakushangaza, sura yake utaicheza siku moja. Siku hiyo filamu za wakati huo zitakuwa zinafanya jambo ambalo leo hatujalifikiria, na kamera zao bado zitakuwa zinajua zinakokwenda.

Umeniuliza pia kwa vitendo, kwa hiyo nijibu kwa vitendo. Usinunue kadi kwanza. Fungua mipangilio ya gemu yako, tafuta mahali pa ufuatiliaji wa miale, uwashe, kisha shusha azimio, yaani idadi ya pikseli, kutoka 4K hata kama linakuuma, ukae mbali na skrini kama unavyokaa ukitazama filamu. Funga fremu kwenye 30 kama mashine inahema. Washa ukungu wa mwendo, ambao wachezaji wengi huuzima. Kwenye gemu ya mashindano wana sababu, lakini wewe unatafuta sura ya filamu. Ingia kwenye chumba chenye dirisha moja, wakati wa jioni ndani ya gemu, usimame bila kugusa kamera. Tazama rangi ya sakafu inavyopanda ukutani. Mwite mdogo wako naye atazame hapo, kisha mwambie ashike kidhibiti na kutembea, na wewe angalia miguu.